Sentimita Nane

Watu wa mtaa ule walimwita Fundi Pembe, na jina hilo halikutokana na ukali wake, ingawa ukali pia alikuwa nao. Lilitokana na pembe za fremu zake. Fremu ya fundi mwingine ikikaa ukutani miaka mitatu, mbao huanza kuachana pale zinapokutana, ukabaki ufa wa kupitisha ukucha. Za kwake hazikuachana. Ungeweza kushusha fremu aliyoitengeneza ujanani mwake, ukapitisha kidole kwenye pembe zote nne, usijue ubao mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Hilo alilijua, na hakuwa mtu wa kujinyima sifa zake.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, kati ya duka la vitambaa na kinyozi. Ndani palikuwa na benchi refu lililochubuka, msumeno wa kukatia pembe, mikebe ya misumari midogo, vioo vilivyoegemezwa ukutani na magazeti katikati yake, na fremu tupu zilizoning'inia mpaka darini. Juu ya benchi alitundika kibao alichokiandika kwa rangi nyekundu siku aliyofungua duka: KAZI YAKO ITATOKA KAMA ILIVYOINGIA. Wateja walikipenda kibao kile, lakini hawakumfikia mwenyewe. Mteja akikawia kidogo tu, lazima asimuliwe habari za fundi mmoja wa mtaa wa pili aliyekata picha ya arusi ya watu ili ienee kwenye fremu, akamwacha mama mzazi wa bwana arusi nje.

"Mimi sikati kazi ya mtu," Fundi Pembe angemalizia, akipuliza vumbi la mbao. "Fremu ndiyo inayoifuata picha. Picha haiifuati fremu."

Aliyasema hayo kwa zaidi ya miaka thelathini, na aliyaamini. Tuelewane mapema: hakuwa mwongo. Alikuwa mtu aliyesahau jambo moja, na kusahau kwake kulimgharimu mtu mwingine.

Jumatatu moja asubuhi, teksi ilisimama mbele ya duka. Akashuka mama mmoja mzee, Mwalimu. Alikuwa amestaafu miaka mingi, lakini mjini hapo jina hilo lilikuwa limemganda, kwa kuwa nusu ya watu wazima aliwafundisha kusoma na nusu nyingine aliwahi kuwafukuza darasani. Dereva alimbebea kitu kipana kilichofungwa kwa shuka. Mwalimu mwenyewe alikuja taratibu, akanyoosha mkono kuutafuta ukingo wa benchi kabla hajalifikia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ni wewe, Fundi? Bado upo?"

"Nipo. Nitaenda wapi na benchi lote hili?"

"Nilidhani umeshatajirika ukaacha kazi." Akaketi kwenye kigoda alichosogezewa. "Nisamehe nikikukazia macho. Yamenikimbia. Daktari anasema haya yaliyobaki ndiyo hayohayo, niyatumie vizuri. Naona mwanga, naona kwamba kuna mtu. Sura lazima niibuni mwenyewe."

"Basi nibuni kijana."

"Nimekubuni mnene," alisema Mwalimu, na dereva wa teksi akacheka kabla ya kuondoka.

Fundi alifungua shuka. Fremu ilikuwa imeliwa na wadudu hata ikamwaga unga kwenye benchi, ila pembe zake nne bado zilikuwa zimeshikana, naye akalitazama hilo kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Kisha akaitazama picha, akaikumbuka.

Ilikuwa picha ya kijiji kilichotazamwa kutoka kilima cha pili, saa za asubuhi. Ukiiweka karibu na pua huoni kijiji. Unaona madoa mazito ya rangi yaliyobandikwa harakaharaka, njano juu ya zambarau, waridi ndani ya kijani, hakuna mstari, hakuna ukingo wa ukuta wala wa jani. Ukirudi nyuma hatua sita, saba, madoa yanakaa mahali pake: mapaa kumi na kitu, njia nyeupe inayoshuka kisimani, miti miwili mirefu, moshi unaopanda kutoka jikoni kwa mtu, na mwanga wa jua changa umelala juu ya vyote.

"Ni kazi ya marehemu mdogo wako," alisema Fundi.

"Ndiyo. Jumamosi nahamia kwa binti yangu, hataki tena nikae peke yangu na macho haya. Vitu vingine nimevigawa. Hii naipeleka shule niliyofundisha. Watoto watafurahia rangi. Ila siwezi kutoa zawadi inayomwaga unga. Nitengenezee fremu nyingine."

"Na wewe hutaki kubaki nayo?"

Mwalimu alikunja mikono mapajani. "Nimekaa nayo miaka thelathini na moja. Inatosha."

Fundi angenyamaza hapo ingekuwa vizuri, lakini kunyamaza hakukuwa kazi yake. Akasema kwamba ni picha nzuri, kwamba ni hasara kuitoa, kwamba damu ni damu.

"Wewe hukijui kijiji chetu," Mwalimu alimkata. "Zihesabu nyumba. Wote wamo. Mwenye kinu yumo, mjane wa kisimani yumo, hata yule jirani yetu aliyekuwa hasalimii mtu, paa lake limo na uzio wake umo. Ya mwisho kabisa, baada ya uzio ule, ilikuwa nyumba yetu. Angalia baada ya uzio kuna nini."

Fundi aliangalia. Baada ya uzio kulikuwa na ubao wa fremu.

"Nilimlea mimi," alisema Mwalimu. "Mama alipokufa alikuwa na miaka minane. Nikamsomesha kwa mshahara wangu wa ualimu, mpaka chuo, awe mhasibu. Siku moja akarudi na kisanduku cha rangi, ameacha masomo. Nikamwambia, ukitoka na hayo marangi yako, mlango huu usahau. Akatoka. Miaka sita. Halafu nikaitwa hospitali, nikamkuta ameshafunikwa. Siku ya mazishi nililia, Fundi, nikapiga magoti nikamwomba radhi mbele ya watu. Wiki iliyofuata nikakuta stakabadhi ya duka lako kwenye mfuko wa shati lake. Nikaja hapa nikidhani nachukua jibu lake. Unakumbuka ulivyoniambia?"

"Nilikwambia alisema ni ya kwako."

"Ulisema: mwenyewe alisema ni zawadi ya dada yake. Basi nikaitazama vizuri zawadi yangu. Kijiji kizima, kasoro mimi. Nikaitundika kwenye korido ili nipite mbele yake kila siku nisisahau alivyoniona. Na kaburini kwake sijarudi." Alisimama, akatafuta tena ukingo wa benchi. "Usiweke mapambo. Fremu ya kawaida tu."

"Wasanii hao, Mwalimu," alisema Fundi kwa kutaka kumliwaza. "Wanachora wanavyojisikia siku hiyo."

Maneno hayo yalimrudia baadaye, na kila yalipomrudia aliona haya.

Jumanne aliifungua ile fremu. Ilikuwa kazi ya dakika chache, aliyoifanya mara elfu: kulaza picha kifudifudi juu ya blanketi, kung'oa misumari ya nyuma, kuinua fremu ya nje. Ndani yake ilibaki turubai yenyewe, kitambaa kizito cha kuchorea, kimewambwa juu ya mbao nne nyembamba na kingo zake zimekunjwa nyuma na kupigiliwa. Juu, chini na kushoto, kunjo lilikuwa kama kunjo lolote, vidole viwili vya kitambaa kitupu. Wachoraji huacha ukingo huo makusudi kwa ajili ya fundi. Upande wa kulia kunjo lilikuwa pana mno, kiganja kizima, na nyuma yake, penye giza kati ya turubai na ubao, palikuwa na rangi.

Kwanza alikasirika. Fundi gani mshenzi kaifungua kazi yangu akafanya hivi? Akainama na koleo kung'oa misumari, akaona imepigwa miwili miwili, kila baada ya vidole vinne. Hakuna fundi mjini aliyepiga misumari miwili miwili isipokuwa yeye. Kwenye ubao palikuwa na mshale wa penseli na neno JUU, na ile J yenye mkia mrefu ilikuwa ya kwake. Kwa muda mfupi, na aibu hiyo tuiseme, alimtafuta mtu mwingine wa kumtwisha. Hakumpata. Akakaa kwenye kigoda, koleo mkononi, na siku ile ikamrudia yote.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, duka lina miezi minne, kibao hakijakauka vizuri. Mchoraji aliingia na turubai aliyoiviringisha kama mkeka, mwembamba, anakohoa, viatu vina matope ya kilimani. Aliikunjua juu ya benchi. Fundi alisogeza pua, akauliza kama kweli amemaliza, na mchoraji akacheka mpaka akakohoa tena.

"Hii haiangaliwi hivyo, ndugu yangu. Rudi nyuma. Mimi sichori nyumba. Nachora mwanga uliokaa juu ya nyumba kwa nusu saa, kisha ukaondoka." Akataja jina refu la mtindo wenyewe, impreshonizimu, neno ambalo Fundi hakuweza kulitamka siku hiyo wala siku nyingine yoyote. "Ni zawadi ya dada yangu. Naitaka Jumamosi, niipeleke mwenyewe. Ila tafadhali, upande wa kulia uuangalie. Huku nilifika mpaka mwisho wa turubai, sikuacha ukingo."

"Kaka, usinifundishe kazi," Fundi alimjibu.

Ndivyo alivyomjibu. Kisha ikaja Ijumaa, na mbao alizoagiza hazikuja. Ukutani palikuwa na fremu nzuri aliyomtengenezea mteja ambaye hakurudi kuichukua. Urefu wake ulilingana na wa picha. Upana ulipungua sentimita nane. Akailaza picha, akasogeza uso kuutazama ule upande wa kulia. Aliona nini? Doa la kahawia, madoa mawili meupe, jeusi moja, mchirizi wa buluu. Alishawaona wachoraji wakifuta brashi zao kwenye ukingo wa kitambaa. Akasema moyoni, huyu naye amefuta brashi zake hapa. Akakunja, akapigilia, akatazama pembe zake nne, akaridhika. Mchoraji hakuja Jumamosi. Baada ya majuma mawili akaja dada yake na stakabadhi.

Sasa, kwenye benchi lilelile, Fundi alilikunjua lile kunjo polepole. Rangi iliyokauka miaka yote hiyo ilitoa sauti ndogo na kupasuka kwa wima, kuanzia juu mpaka chini. Kahawia, meupe mawili, jeusi, buluu. Uso wake ulikuwa karibu nayo kama ulivyokuwa siku ile, na bado hakuona kitu. Akaisimamisha picha juu ya benchi, akaiegemeza ukutani. Akatoka nje, akavuka barabara, akageuka.

Nyumba ilikuwa pale. Baada ya uzio wa jirani asiyesalimia watu, njia nyeupe ilipanda kidogo, na mwisho wa njia ilisimama nyumba ndogo yenye paa la kahawia, jua limeupiga ukuta wake kuliko nyumba zote za kijiji. Mlango ulikuwa wazi. Mbele ya mlango alisimama mwanamke mwenye gauni la buluu. Hakuwa na uso, maana alikuwa mchirizi mmoja tu wa brashi, lakini alisimama kama mtu anayetazama njia. Na ukiitazama picha nzima namna ile, upana wake wote, unaona kwamba njia, miti, moshi, kila kitu mle kilikuwa kinaelekea kwake.

"Fundi!" kinyozi alimwita kutoka kizingitini kwake. "Leo duka limekutapika?"

Aliendelea kuitazama picha, na kinyozi, ambaye hakuwahi kumwona Fundi Pembe akikosa jibu, alirudi ndani bila kucheka.

Mpaka mchana wa siku ya pili Fundi hakupiga msumari. Alikuja dukani, akafungua, akakaa. Picha aliifunika kwa shuka. Alifikiri kwamba angeweza kukunja tena. Alama zilikuwepo, matundu ya misumari yalikuwepo, kazi ya robo saa. Mwalimu haoni, shuleni hakuna anayeijua nyumba ile, na kijiji chenyewe kilikuwa kimeshabadilika chote. Alifikiri pia njia nyingine, iliyo laini zaidi: angemwambia Mwalimu kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyeileta ikiwa imekunjwa. Alilijaribu neno hilo kwa sauti, peke yake, mbele ya vioo. "Huenda marehemu mwenyewe, Mwalimu..." Akaiona midomo yake kwenye vioo vinne, ikisema. Akanyamaza.

Mkewe alimletea chakula cha mchana siku ya Jumatano, kama kawaida yake, akaketi kumsubiri ale.

"Una nini wewe? Tangu jana hujazisifia pembe zako."

Akamwambia. Alimwambia yote, mpaka lile jibu la kwamba asifundishwe kazi. Mkewe alifunua shuka, akarudi nyuma hadi mlangoni, akaitazama picha muda mrefu. Alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwalimu anaondoka lini?"

"Jumamosi."

"Anajua kwamba umeifungua?"

"Hajui. Nifanyeje sasa?"

"Usiniulize mimi," alisema mkewe, akifunika chakula ambacho mumewe hakukila. "Mimi sikukunja."

Kwa ndoa ya miaka thelathini walikuwa wameambiana mengi, mazuri na mabaya. Hakuna lililomkaa kifuani kama hilo. Mkewe alipoondoka, Fundi alichukua futi, akapima upya. Themanini na nne kwa sitini. Akakata mbao nne za ndani kwa kipimo hicho, akaiwamba turubai yote, na upande wa kulia, usio na ukingo wa kukunja, akaushonea utepe wa kitambaa kwa nyuma, sindano kwa sindano, asiguse rangi hata punje. Ilimchukua mchana wote. Ndiyo kazi ambayo angeifanya kijana yule wa miaka ishirini na saba kama angesubiri mbao zake.

Alhamisi alasiri aliibeba kwa miguu hadi kwa Mwalimu, bila fremu ya nje, ndani ya shuka lake. Vyumba viwili vilijaa maboksi yaliyofungwa kwa kamba. Kwenye korido, ukutani, palibaki mstatili uliokuwa mweupe kuliko ukuta wote, na msumari juu yake.

"Umeleta haraka," alisema Mwalimu. Akapapasa, akagusa ukingo mtupu. "Fremu iko wapi?"

"Fremu bado. Mwalimu, naomba ukae."

"Ukimwambia mtu mzima akae, una habari mbaya. Sema."

Akasema akiwa amesimama. Alianza katikati, akarudi mwanzo, akachanganya Ijumaa na Jumamosi, lakini alisema. Kwamba nyumba yao imo. Kwamba imekuwamo siku zote. Kwamba si mdogo wake aliyeiacha nje, ni yeye, fundi, aliyeikunja nyuma kwa sababu fremu aliyokuwa nayo ilikuwa fupi na kwa sababu alidhani ni uchafu wa brashi. Kwamba marehemu alimtahadharisha na yeye akamjibu vibaya.

Nje mtu alipita na baiskeli akipiga kengele, akaenda zake.

"Isimamishe," alisema Mwalimu mwishowe.

Fundi akaiweka picha kwenye kiti, mwisho wa korido, penye mwanga wa mlango. Mwalimu alisimama upande wa pili, akakaza macho. Akatikisa kichwa. Akasogea hatua mbili, akasogea tena, hadi uso wake ukakaribia kugusa turubai.

"Kwa mbali naona ukungu. Kwa karibu naona rangi tu."

"Hata mimi niliona rangi tu," alisema Fundi. "Ndiyo maana nikakunja."

Mwalimu alinyoosha mkono wake wa kulia, kidole cha shahada kimesimama, kidole kilichoonyesha herufi ubaoni miaka arobaini. "Basi nisomeshe."

Fundi alikishika kidole hicho kwa vidole vyake viwili, akakiweka juu ya rangi. Mchoraji yule hakuwa bahili wa rangi. Aliibandika nzito, ikakaa juu ya kitambaa kama matone ya nta, na kila pigo la brashi lilikuwa na mwanzo wake na mwisho wake.

"Hapa ni uzio wa jirani."

"Asiyesalimia."

"Huyo. Hii inayopanda ni njia. Sasa hapa, hili refu lililolala, ni paa. Hizi mbili ni ukuta, nyeupe, jua limeupiga. Hapa katikati ni mlango."

Kidole kilisimama. "Umefungwa au uko wazi?"

"Uko wazi."

"Usinidanganye kunifurahisha, Fundi."

"Mwalimu, ningetaka kukudanganya nisingekuja. Uko wazi. Ndani ni kweusi, kunaonekana, na kizingitini pana mwanga."

Alipumua kwa nguvu. Fundi akasogeza kidole kidogo, nusu ukucha. "Na hapa kuna mtu amesimama. Mwanamke. Ana gauni la buluu."

"Lilikuwa la Jumapili," alisema Mwalimu kwa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia kwake. "Alikuwa akinitania, ati nikilivaa ananiona tangu kilimani." Kidole chake kilipita juu ya mchirizi ule, chini, juu, chini tena, kikajifunza urefu wake. Kisha kikateleza kushoto, kikakutana na ufa ulioshuka wima, wenye kingo kali, rangi imevunjika. "Na hapa? Hapa pamekatika nini?"

"Hapo ni mimi," alisema Fundi.

Mwalimu aliondoa mkono. Alirudi nyuma mpaka akakutana na maboksi yake, akakalia moja, akalia. Alilia bila kujifunika uso, mama wa miaka sabini, huku Fundi amesimama na kofia mkononi asijue atazame wapi. Alitaka kusema kwamba yeye alikuwa kijana, kwamba mbao hazikuja. Alikuwa na akili ya kutosha kutosema.

"Miaka thelathini na moja," alisema Mwalimu. "Amelala pale peke yake hata jani halijafagiliwa, na mimi napita kwenye korido hii nimenuna. Nimemnunia mtu aliyenifungulia mlango."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Sijui. Usiniulize leo." Alijifuta kwa upindo wa kanga. "Kosa si lako lote. Nilimjua mdogo wangu, nilimlea. Ningejiuliza mara moja tu kama anaweza kufanya uovu ule. Sikujiuliza. Nilikuwa tayari kuamini."

Fundi alisema kwamba yuko mtu anayejua kuziba nyufa za rangi, kwamba atamlipa yeye mwenyewe, kwamba mahali pale hapatajulikana.

"Usiguse!" Mwalimu alikemea kama aliyerudi darasani. "Pabaki hivyohivyo. Na shuleni haiendi tena. Shule nitawapa saa ya ukutani, wana shida nayo zaidi, walimu wao wachelewaji." Akaukaza upindo wa kanga. "Kesho saa tatu asubuhi njoo na teksi. Tunakwenda kaburini. Picha tunaibeba."

"Nitakupeleka, Mwalimu. Nitakusubiri getini."

"Getini ufanye nini? Wewe ndiye utakayemweleza."

Ijumaa ile duka lilifungwa siku ya kazi kwa mara ya kwanza, na kinyozi aliwaambia watu kwamba Fundi amefiwa. Makaburi yalikuwa nje kidogo ya mji, na ilibidi watafute sana, kwa kuwa Mwalimu alikumbuka mti ambao ulishakatwa. Kaburi walilipata mwisho wa safu, limezama, maandishi yamejaa ukungu. Fundi alifagia majani kwa mikono yake. Akaisimamisha picha juu ya kaburi, ikitazama upande wa jina. Mwalimu aliketi ukingoni, akakiweka kiganja kwenye saruji, akakaa hivyo kwa muda, midomo ikicheza bila sauti. Mambo yao wenyewe aliyasema hivyo, na Fundi alisogea kando asiyasikie.

Kisha akainua uso. "Haya, Fundi. Mwambie."

Fundi Pembe alivua kofia. Maisha yake yote hakuwahi kukosa la kusema mbele ya mteja, na sasa aliitafuta sauti yake kama anayetafuta msumari ulioanguka.

"Kaka," alisema. Akaanza na vipimo, maana ndivyo alivyozoea kuanza.

"Kaka, picha yako ilikuwa na upana wa sentimita themanini na nne. Fremu yangu ilikuwa na sabini na sita."